Kutaka Makuu: Fundisho la Filamu Iliyodharauliwa

Mara nyingi hukumu ya watu hutufikia kabla hatujaiona kazi yenyewe. Ndivyo ilivyo kwa Staying Alive, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1983. Wahakiki waliikataa karibu kwa sauti moja. Walisema hadithi yake ni nyepesi, na kwamba mwongozaji wake, Sylvester Stallone, alipenda misuli na taa kuliko nafsi za watu. Hata hivyo watazamaji walimiminika, ikaingiza huko Marekani takriban dola milioni 65. Twakubali kwamba wahakiki waliuona udhaifu wake. Ila walipita kando ya jambo moja ambalo kila kijana mwenye kipaji anapaswa kulitazama.

Mhusika mkuu ni Tony Manero, anayeigizwa na John Travolta. Alijulikana kwanza mwaka 1977 katika Saturday Night Fever: kijana wa Brooklyn, muuzaji katika duka la rangi, aliyekuwa mfalme wa dansi kila Jumamosi usiku. Filamu ile ilisifiwa kwa sababu ya uchungu wake. Rafiki yake Tony alianguka kutoka darajani akafa. Kaka yake aliacha upadre, na mama aliyejivunia mwanawe akavunjika moyo. Walioutafuta uchungu huo katika filamu ya pili hawakuukuta.

Walichokikuta ni kazi. Tony amehamia Manhattan, katika chumba kidogo cha hoteli ya bei rahisi. Anafundisha dansi, usiku anahudumia wateja kwenye klabu, na kati ya hayo anakwenda kwenye majaribio ya kuchagua wachezaji na kukataliwa. Anarudi tena, na tena. Sisi tulio walimu twaliheshimu jambo hilo, kwa maana wapo wanaodhani kwamba mwimbaji huzaliwa akiwa tayari jukwaani.

Lakini moyo wa filamu, kwa maoni yetu, uko kwa wanawake wawili. Jackie ni mchezaji katika kundi la nyuma, naye anampenda Tony. Tony humwendea anapomhitaji na kumsahau anapopendezwa na mwingine. Kisha anakutana na Laura, mchezaji mkuu, tajiri na maarufu, ambaye humtendea vivyo hivyo: anampokea usiku mmoja, kesho yake hana haja naye. Wahakiki walimwona Laura kama mwanamke mbaya wa kawaida wa sinema. Sisi twamwona kama kioo. Tony hakuujua ubaya wa mwenendo wake mpaka alipotendewa yeye mwenyewe.

Anakwenda Brooklyn kumwomba mama yake msamaha kwa jinsi alivyokuwa zamani. Mama anamjibu kwamba tabia ile ile anayoijutia ndiyo iliyomtoa mtaani. Jibu hilo latutia mashaka, na pia lina ukweli. Nguvu inayomwinua mtu yaweza kuwa ile ile inayomkanyaga mwenzake, na asiyeliangalia hilo atapanda huku akiacha majeruhi njiani.

Tony anapotamani nafasi ya mchezaji mkuu wa kiume, ni Jackie anayefanya naye mazoezi. Mchezo wenyewe unaitwa Satan's Alley, yaani Kichochoro cha Shetani: safari ya kupita jehanamu na kupanda hadi mbinguni. Usiku wa kwanza Tony anaacha yale waliyojifunza wote, anacheza peke yake, na ukumbi unalipuka kwa shangwe. Mwanakwaya yeyote kati yenu anajua maana ya mmoja kuuacha wimbo wa wote. Hata hivyo mwishoni anamwita Laura aruke, naye anamdaka. Hata aliyejitenga hawezi kuumaliza mchezo bila mwenzake.

Baada ya hapo anamkumbatia Jackie, kisha anatoka peke yake barabarani, akitembea kwa maringo. Wahakiki walilalamika kwamba hajabadilika. Sisi twauona hapo unyofu wa filamu hii, hata kama watengenezaji hawakuukusudia: makofi hayamgeuzi mtu moyo. Aliyepanda na kiburi chake hushuka jukwaani akiwa nacho bado.

Basi, vijana, kutaka makuu si dhambi. Talanta iliyofukiwa ardhini haikumpendeza Bwana katika mfano wa Injili. Tamani kuimba, kucheza, kuigiza, na ufanye kazi kama Tony. Lakini siku watakapokushangilia, tujiulize pamoja: ni nani aliyefanya mazoezi nawe wakati hakuna aliyekujua? Na je, siku hiyo utamtaja jina?