Mfarishi wa Kitambaa Kizima

Mama yetu alipofariki dunia huko Masumbwe alituachia sandukuni kitambaa kimoja cheupe cha marekani, ambacho hakijapata kuguswa na mkasi. Siku ya kuondoa matanga baadhi ya ndugu walishauri kikatwe ili kila mtoto apate kipande cha ukumbusho. Sisi, tuliokuwa kifunguamimba, tuliomba kibaki kizima. Tukaahidi kukifanya mfarishi mdogo, yaani tandiko la nguo mbili lililotiwa pamba katikati na kushonwa pamoja, alalie mjukuu wa mwisho wa marehemu. Ahadi ilitoka upesi mdomoni. Lakini mikono yetu, iliyozoea kalamu na mafaili, haikuwa imepata kushona zaidi ya kifungo cha shati.

Jina lenyewe la kitambaa hicho ni somo la historia. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, huko Marekani, walileta nguo ya namna hiyo Unguja, nayo ikapanda bara mabegani mwa wapagazi. Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa miongoni mwa mabingwa wa safari hizo. Na Msiri, mwenye asili ya Usumbwa, alifika mpaka Katanga, akatawala huko hadi alipouawa mwaka 1891. Nguo ilikuwa ujira wa mpagazi, na ilikuwa hongo ya kupitia katika nchi za watemi. Si ajabu, basi, kwamba mama zetu waliiweka sandukuni kama watu wengine wawekavyo fedha.

Pamba tuliidhania kuwa jambo jepesi, maana zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania hulimwa katika kanda hii ya magharibi. Shangazi yetu alitupa kilo 1 na nusu kutoka shambani kwake. Tulitoa mbegu kwa vidole jioni nne mfululizo, tukabaki na nusu kilo tu. Kwa kuwa thuluthi mbili ya uzito wa pamba auzayo mkulima ni mbegu. Ndipo tulipotambua kazi ya vinu vya kuchambulia pamba, ambavyo miaka yote tulivipita njiani tukisikia ngurumo yake tu.

Tukatandika chini bitana ya kanga kuukuu ya mama, tukasambaza pamba juu yake, kisha tukafunika kwa marekani. Shangazi alituagiza tupige bandi kwanza, ili tabaka zote tatu zishikane, halafu tushone kuanzia katikati tukielekea pindoni. Sisi, kwa haraka ya mtu aliyezoea kuagiza kuliko kuagizwa, hatukupiga bandi, na tulianzia pembeni. Baada ya wiki mbili tulifika katikati, tukakuta nguo imejikusanya na kuvimba kama tumbo, wala hapakuwa na njia ya kulisukuma tumbo hilo litoke. Nguo iliyoungwa kwa vipande vya rangi nyingi huweza kusitiri kosa la mshonaji. Kitambaa cheupe kilicho kizima hakimsitiri mtu.

Usiku ule tulishika mkasi, tukakusudia kukata sehemu iliyovimba na kuiunga. Shangazi akatuambia, “Mwanangu, mkasi utaondoa kosa pamoja na nguo. Fumua.” Tukaona haya, maana sisi ndio tuliowakataza ndugu zetu mkasi. Tukafumua mshono mmoja baada ya mwingine, tukalowanisha kitambaa, na matundu mengi ya sindano yakajifunga.

Katika kufumua huko tulikumbuka vikao tulivyohutubia juu ya kuthamini kazi za mikono. Tulikumbuka pia kofia ya viua tuliyoinunua Unguja, iliyodariziwa kwa sindano wiki nyingi, na jinsi tulivyobishania bei mpaka muuzaji akachoka. Ulimi wetu ulikuwa umeisifu kazi hiyo miaka mingi, na mfuko wetu ulikuwa umeipunja. Hatuna budi kusema kwamba mtu hajui thamani ya mshono mpaka aufumue ulio wake.

Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Tulipiga bandi, tukaanza upya katikati, tukivaa subana ya kukinga kidole. Mfarishi ulikamilika, mita 1 kwa mita 1, na mistari yake miwili imepinda kwa macho ya kila mtu. Ndugu yetu aliyetaka kuliko wote kitambaa kikatwe aliushika, akaipapasa mishono kwa kidole, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza kama shangazi anaweza kumfundisha naye.

Mtoto ameulalia tangu usiku wa kwanza, na usiku huohuo aliukojolea. Tumeufua na kuuanika, nao umekuwa laini zaidi.