Shikamoo Mama, Nina Tatizo la Chumbani

Leo umbea hakuna, wasanii wapumzike kidogo. Leo naandika yangu, na kabla hujauliza: ndiyo, mke wangu ameisoma kabla sijaipandisha, na amefuta mistari miwili. Majina sitaji ya mtu yeyote. Mkinijua, kausheni tu.

Hebu niwaulize swali. Ushawahi kumwamkia mtu shikamoo, akakuitikia "marahaba mwanangu", halafu hapohapo ukatakiwa umwambie kwamba jogoo wako hapandi mtungi?

Mimi yalinikuta mwaka jana, miezi saba baada ya ndoa. Kwanza nilipita kwa daktari wa kawaida, akanipima presha na sukari. Alisema lazima aanzie huko kwa sababu hilo tatizo wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari au mishipa ya moyo kuwa na shida, na sisi vijana tunakimbilia kujificha nalo. Vipimo vikatoka safi. Akaniuliza kama asubuhi nikiamka mambo yanakuwa sawa. Nikamwambia asubuhi hakuna shida kabisa. Akasema basi mtambo ni mzima, nenda kaongee na mwanasaikolojia.

Sasa Bongo ukimwambia mtu unaenda kwa mwanasaikolojia, akili yake inaenda moja kwa moja Mirembe. Dodoma kule, hospitali ya vichaa, ndiyo tulivyokua tukiambiwa. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nikafunga kibanda changu cha kutengeneza simu saa nane mchana, nikawaambia majirani naenda Kariakoo kufuata vioo.

Kichwani nilitegemea nitamkuta braza mmoja hivi, tuongee kiume, tumalize. Nafungua mlango namkuta mama mtu mzima, rika la mama yangu mdogo, kajifunga kitenge, miwani imeshuka puani. Shikamoo ikatoka yenyewe.

"Marahaba baba, karibu. Nini kimekuleta?"

Nikamwambia silali vizuri. Na ni kweli nilikuwa silali vizuri. Akauliza habari za usingizi, nikajibu. Akauliza kazi, nikajibu. Dakika 20 zimekatika, sh. 30,000 yangu inateketea, tunaongelea usingizi na bei ya vioo vya simu. Halafu kwa sauti ileile, kama mtu anayeuliza umekula nini mchana, akasema: "Na chumbani je, wewe na mwenzako mnaendeleaje?"

Wadau, nilitoka jasho mpaka mgongoni, na feni inazunguka.

Baadaye nilisoma kwamba kumbe hicho ni kitu wanachofundishwa. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Annon, mwaka 1976 alipanga hatua nne za kumsaidia mtu mwenye shida za mapenzi, na hatua ya kwanza kabisa ni kumpa ruhusa ya kuongea. Kabla ya dawa, kabla ya ushauri wowote. Maana watu wengi wanakaa wanasubiri waulizwe, na asipowauliza mtu wanarudi nalo nyumbani. Mimi kwa mfano ningerudi nalo nyumbani na ushauri wa kunywa maziwa ya moto kabla ya kulala.

Haya, ruhusa nimepewa. Sasa niseme kwa maneno gani?

Hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria maisha yangu yote: sina maneno. Nina maneno ya kijiweni, ambayo siwezi kuyatamka mbele ya mtu niliyemwamkia shikamoo. Nina ya gazetini, "kujamiiana", "kukutana kimwili", ambayo ukiyasema unasikika kama unatoa ushahidi mahakamani. Nina "tendo la ndoa", ambalo sijui nani alilipitisha, maana linatumika hata kwa watu ambao ndoa hawana na hawana mpango nayo. Nina "haki ya ndoa" ya kwenye mafundisho ya dini, na hilo linafanya mambo yawe kama kodi ya nyumba. Shuleni mada yenyewe tulisoma kwa Kiingereza kwenye Bayolojia, mwalimu akachora mchoro ubaoni, darasa likacheka, akafuta. Kwa hiyo viungo vyangu mwenyewe nilivyozaliwa navyo Mbagala nimejifunza majina yake kwa lugha ya watu wengine.

Nikaamua kutumia ya kijiweni, ila yale mepesi.

"Samahani mama, yaani... mechi zinanishinda. Naanza vizuri, halafu katikati ya mechi kila kitu kinazima. Zamani bao mbili tatu ilikuwa kawaida. Sasa hivi hata bao moja ni mtihani, na mechi nyingine naahirisha kabisa, najifanya nimechoka."

Hakucheka, na macho hakuyatoa. Akaandika kitu, akavua miwani.

"Nimekusikia baba. Umeniambia mechi, umeniambia mabao. Sasa nieleweshe. Kwenye hiyo mechi, mke wako ni nani? Ni timu pinzani, ni mpira, au ni shabiki?"

Nikabaki nimekodoa macho. Nilijaribu kutafuta jibu, kila ninaloligusa linakuwa baya zaidi ya lililopita.

Na hebu msikilize wenyewe mkiwa kijiweni. Kuchapa, kugonga, kupiga, kula, kutafuna. Hakuna neno hata moja ambalo mwanamke anafanya kitu. Hakuna neno ambalo mwanaume anaweza kuogopa ndani yake. Ukishindwa, umefungwa. Basi.

Wenzetu wa kike wana afadhali, mimi nasema wazi. Mke wangu ni wa Tanga, kafundwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemkalisha chini akamwelekeza mwili wake na wa mwenzake bila kumung'unya maneno. Bi Kidude wa Unguja, pamoja na kuimba kote kule, alikuwa anafundisha wari kwenye unyago mpaka uzeeni. Hata hawa wa mjini wasio na unyago wana kitchen party, anakuja somo na kipaza sauti. Sisi? Jando siku hizi kwa wengi wetu ni ganzi, mkasi na plasta, unarudi nyumbani unakula kuku. Aliyetufunda ni bodaboda mwenye miaka 22 anayesema yeye hutembea na dakika 90.

Na matangazo. Hesabu nguzo za umeme kuanzia kwako mpaka kituo cha daladala, ngapi zina karatasi ya nguvu za kiume? Jioni pweza kwenye sinia, jamaa anakupa kikombe cha supu anakukonyeza. Mihogo mibichi na nazi na karanga, mwenye toroli anakukonyeza. Vumbi la Kongo ndiyo usiseme. Mji mzima unamkonyeza mwanaume, halafu hakuna hata mmoja anayemuuliza una nini. Supu ya pweza ni tamu, nitaendelea kunywa, lakini ni supu.

Hayo mavumbi na vidonge vya mfukoni mama aliniambia niwe navyo mbali. Vidonge vya kweli vipo, kile cha bluu kiliruhusiwa Marekani mwaka 1998 na kinasaidia watu wengi, ila kinaandikwa na daktari kwa sababu. Ukichanganya na dawa fulani za moyo, presha inashuka ghafla na unaweza kufa. Na mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeshakamata "dawa za mitishamba" ambazo ndani zimetiwa dawa hiyohiyo kimyakimya, kipimo hakijulikani. Wewe unaona mizizi imefanya kazi.

Turudi kwa mama. Alichonieleza kuhusu mwili ni kitu rahisi, nashangaa hakimo kwenye nguzo za umeme. Ili mwanaume awe tayari, damu inatakiwa ijae sehemu husika, na ili ijae, mishipa inatakiwa ilegee. Hofu inafanya kinyume. Ukiogopa, mwili unamwaga adrenalini, mishipa kule inabana, damu inapelekwa kwenye misuli ili ukimbie. Mwili haujui kama kilichokuogopesha ni simba au ni mtihani wa mke wako. Siku ya kwanza inaweza kuwa ni uchovu tu au pombe. Siku ya pili unaingia chumbani ukiwa unajichungulia, itasimama haitasimama, na kule kujichungulia kwenyewe ndiyo hofu. William Masters na Virginia Johnson, wale watafiti wa Marekani, waliliandika hilo mwaka 1970: mtu anageuka mtazamaji wa mwili wake mwenyewe badala ya kuwepo pale kitandani.

Halafu akanipa kazi ya nyumbani. Wiki mbili, hakuna tendo. Marufuku. Kila siku mbili tatu tukae dakika 15, mmoja anamgusa mwenzake mgongo, mikono, kichwa, miguu, sehemu za siri na matiti ya mke hayahusiki, na aliyeguswa anasema tu anavyojisikia. Kisha mnabadilishana. Nikamuuliza, mama, nimekuja kwa sababu sifanyi, wewe unanikataza nisifanye? Akasema ndiyo, mtihani nimeufuta, sasa uone.

Niweke hili hapa kwa wanaoogopa: huko ndani hakuna anayekushika wala kukwambia uvue nguo. Ni maneno tu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na unachosema kinabaki mle. Ukikuta anayejiita mtaalamu anataka kukugusa, nyanyuka uondoke ukamripoti.

Sehemu ngumu ikawa kumwambia mke wangu. Maana kazi ya nyumbani ya watu wawili huwezi kuifanya peke yako.

Nilimwambia jikoni, anachambua mchele, ili tusitazamane. Nikamwambia nimekuwa nikienda kwa mshauri, na kwa nini. Akaacha ungo. Alikaa kimya muda ambao mimi niliuona kama saa nzima, halafu akauliza, "Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

Miezi mitano alikuwa anaamini nina mtu nje. Alikuwa anakagua simu yangu nikioga. Mama yake alishampigia kuuliza mjukuu yuko wapi, akajibu Mungu bado hajapanga. Na alikuwa amempigia somo wake Tanga, analia, somo akamwambia aongeze bidii, chumba kinukie, avae kikuba, mashuka yabadilishwe.

Kumbe ule udi!

Wadau, mimi nilikuwa nikirudi kutoka kazini nikisikia harufu ya udi tangu getini, moyo unaanza kwenda mbio. Kwangu udi ulikuwa ni kengele ya chumba cha mtihani. Kadiri alivyoongeza udi ndivyo mimi nilivyokaa kibandani mpaka saa nne usiku nikifungua simu ambazo hata hazijaharibika. Naye kadiri nilivyochelewa ndivyo alivyoongeza udi. Tulikuwa tunafukizana tu mle ndani, kila mtu na hofu yake.

Nilipomweleza hivyo alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akalia. Halafu akaniuliza hiyo kazi ya dakika 15 inaanza lini, maana miguu inamuuma.

Sitawasimulia wiki zile mbili, mistari iliyofutwa ilikuwa ya huko. Niseme tu siku ya tatu nililala fofofo katikati ya zoezi na hakuna aliyekasirika.

Kikao cha nne alikuja na yeye. Mama akamsalimia kwa heshima zote, akamuuliza swali ambalo nilidhani litamtia aibu: wewe mwanangu, kwenu mnasema nini, na wewe unataka nini? Mimi nikainamisha kichwa. Yeye akajibu bila kumung'unya, kwa maneno ya somo wake, Kiswahili kisafi cha pwani, hakuna tusi hata moja na kila kitu kimeeleweka. Nilikuwa sijawahi kusikia mambo hayo yakisemwa hivyo. Na alichotaka hakikuhusu mabao. Alitaka nisizime taa nikamgeuzia mgongo bila neno. Alitaka nikishindwa nibaki hapohapo.

Mama akaandika, akavua miwani, akaniuliza, "Baba, umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Tumeenda vikao sita jumla, sh. 180,000, bei ya vioo vitatu vya simu nzuri. Kwa wasio na hiyo hela, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na ukianzia kwa daktari wa hospitali yako ya karibu anaweza kukuandikia rufaa. Mambo sasa yanaenda, siku nyingine hayaendi, na siku yasipoenda tunaagiza chipsi. Udi unachomwa bado. Ila siku hizi kabla hajawasha chetezo ananitumia meseji kibandani: "Niwashe?" Kuna siku najibu washa, kuna siku najibu leo hapana, nimechoka kweli.

Mama mkwe bado anauliza habari za mjukuu. Huyo hatujamwambia kitu.