Unafanya Kazi Gani?

Wetherill Park iko kilomita kama 34 magharibi mwa katikati ya jiji la Sydney, ndani ya manispaa ya Fairfield. Upande wa kusini ni nyumba za watu, na majirani zetu ni Waashuri waliotoka Iraki, Wavietinamu, Waitaliano waliofika zamani, na siku hizi Wakongo kama sisi. Upande wa kaskazini, kuanzia Victoria Street hadi karibu na bwawa la Prospect, ni maghala na viwanda. Vyakula, dawa, vigae, mbao na vipuri hupokelewa hapo, hupangwa, kisha husambazwa jiji zima na watu ambao jiji haliwafahamu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Nami pia, tangu shahada yangu ya kwanza hadi miaka ya katikati ya masomo ya udaktari.

Kwetu ni Fizi, Kivu Kusini. Vita vilipopamba moto tulivuka Ziwa Tanganyika, tukapokelewa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Habari za maisha ya kambini zimeshasimuliwa sana, kwa hiyo nitataja zahanati peke yake, maana ndiko nilikoanza kuutamani udaktari. Aliyekuwa akituhudumia ni tabibu Mtanzania, mtu mpole, ambaye kabla hajauliza neno alikuwa akimgusa mtoto shingoni kwa mgongo wa mkono. Nilikuwa naitazama mikono ile. Tulipopata viza ya kibinadamu kuja Australia nilikuwa msichana wa sekondari, nisiyejua Kiingereza zaidi ya salamu.

Kazi ya ghalani ni hivi. Unafungwa skana mkononi, inakuelekeza rafu gani na boksi ngapi. Unachukua, unaweka kwenye paleti, skana inakupa rafu nyingine. Asubuhi kasi ya kila mtu inabandikwa ubaoni. Wengi wetu tulikuwa vibarua wa mawakala wa ajira: jioni unasubiri ujumbe kwenye simu kujua kama usiku utakuwa na zamu. Hapo ndipo penye siri ambayo kila kibarua anaijua. Ukilalamika mgongo, hakuna atakayekufukuza. Ujumbe hauji tu. Kesho hauji, keshokutwa hauji, na kodi ya nyumba haingoji. Kwa hiyo watu wanaficha. Wanajipaka dawa ya kuchua chooni, wanameza vidonge vya maumivu kabla ya kuingia. Zamu ya usiku inapotoka alfajiri kliniki zote bado zimefungwa, na zinapofunguliwa mtu amelala. Maumivu yanahamishiwa wiki ijayo, na wiki hiyo haifiki.

Mama aliumia bega la kulia. Hakusema. Nilichokiona mimi ni kwamba alianza kuanika nguo kwa mkono wa kushoto, na akitaka kufunga kilemba aliinamisha kichwa hadi karibu na goti. Nikimuuliza anajibu, "Uzee huo, mwanangu." Hakuwa mzee.

Nilisomea udaktari Chuo Kikuu cha Western Sydney, kampasi ya Campbelltown. Skuli ile ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2007, ikiwa na lengo la wazi kwamba watoto wa Sydney Magharibi wasome udaktari na wabaki kutibu kwao, na katika kuchagua wanafunzi wakazi wa huku wanapewa nafasi ya upendeleo. Nisingeingia bila mlango huo, na nausifu hadharani. Siku tuliyojifunza bega, mwalimu alituonyesha misuli minne inayolizungusha, na kano moja nyembamba inayopita chini ya mfupa. Kila ukiinua mkono juu ya kichwa nafasi ile inabana na kano inasuguana. Ukirudia mamia ya mara kwa usiku mmoja, kwa miaka, inachakaa, mwishowe inachanika. Niliandika maelezo yangu huku namwona mama mbele ya rafu ya juu kabisa.

Baadaye kidogo nikasoma habari za Bernardino Ramazzini, daktari Mwitaliano aliyechapisha mwaka 1700 kitabu kizima kuhusu magonjwa ya wafanyakazi: wachimba madini, wafinyanzi, hata wafua nguo. Aliwasihi madaktari waongeze swali moja kwenye yale waliyorithi kwa Hippokrate, nalo ni kumwuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Zaidi ya miaka mia tatu imepita, na mama yangu alikuwa ameshaonwa na zaidi ya daktari mmoja bila kuulizwa. Nilimpeleka tena. Safari hii nilimwomba aeleze kazi yake kwanza, bega baadaye. Daktari akasikiliza, akaandika kwamba ni jeraha la kazini, na madai ya fidia yakaanza. Yalichukua muda na machozi, lakini mwisho alipata mazoezi ya viungo, kisha upasuaji.

Mwaka 2021 nilikuwa mwaka wa nne. Julai kirusi cha korona aina ya Delta kilipoingia Fairfield, wafanyakazi waliolazimika kutoka nje ya manispaa walitakiwa kupimwa kila baada ya siku tatu. Magari yalipanga foleni usiku kucha. Wanajeshi wakaletwa kusaidia polisi, na kuanzia Agosti 23 tukawa na amri ya kutotoka nje, saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Maghala hayakufungwa. Jiji lililojifungia lilikula kwa sababu watu wa Victoria Street walikwenda kazini, na magazeti yalipoandika kuhusu mitaa yetu kana kwamba sisi ndio ugonjwa, niliumia sana. Jioni nilikuwa nawapigia simu waumini wa kanisa letu, nyumba kwa nyumba, nawaeleza chanjo kwa Kiswahili hadi sauti inakauka.

Mahafali yalikuwa mwisho wa 2022. Sitayaeleza sana: joho, jina langu likasomwa kwa shida, vigelegele vya mama na mama wadogo vikaufunika ukumbi mzima. Sherehe hasa ilikuwa Jumamosi yake, katika ukumbi wa kukodi hapa Wetherill Park. Ndugu walitoka Wollongong, wengine wakaendesha gari kutoka Coffs Harbour. Wanawake walivaa sare ya kitenge. Palikuwa na ugali, sombe, ndakala, wali, samaki wa kukaanga, na mama mmoja Mwashuri aliyefanya kazi ghalani na mama yangu kwa miaka alileta sufuria la dolma lililobebwa na watu wawili. Kwaya ikaimba. Mama akaingia akicheza, mikono yote miwili juu, ule wa kulia ukifika mahali ambapo sikuwa nimeuona ukifika kwa miaka mingi. Nililia bila kujizuia, na sioni haya kuandika hivyo.

Kisha, wakati wa chakula, wenzetu wa ghalani wakaanza kunijia mmoja mmoja. "Dokta, hongera. Hiki kidole kinakwama asubuhi, hadi nikivute." "Dokta, mguu huu unakufa ganzi nikishuka kwenye foklifti." Mzee mmoja Mvietinamu alipandisha shati nyuma ya meza ya keki anionyeshe mgongo. Walikuwa wameficha miaka yote hiyo, na sasa wameona mmoja wao amepata cheo cha kuulizia. Sikuwa na kibali cha kutibu bado. Nilichowaambia wote ni kimoja: nenda kwa daktari wako, mwambie unafanya kazi gani, ilianza lini, ulikuwa unanyanyua nini. Mwombe aandike.

Mwaka uliofuata nilianza kazi kama daktari tarajali. Usajili wa kwanza ni wa muda, unafanya kazi chini ya usimamizi, unazungushwa idara kwa idara (wakati ule dharura, tiba na upasuaji), na ukimaliza salama ndipo unapewa usajili kamili. Mwaka huo nilimpokea kijana mwenye kikohozi na pumzi fupi, ameshapewa dawa ya pumu ya kuvuta na haimsaidii. Nimebadilisha mambo yake mengine asitambulike. Nilimwuliza swali la Ramazzini. Alikuwa akikata mawe ya kutengenezwa, yale ya meza za jikoni. Mawe hayo yanaweza kuwa na silika hadi asilimia 95, na yakikatwa makavu hutoa vumbi laini lisiloonekana, linalofika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu yasiyofutika. Nilikwenda kwa daktari bingwa nikamwambia kazi ya mgonjwa kabla ya kumwambia dalili. Kipimo cha CT kilionyesha silikosisi. Kijana aliuliza kama atarudi kazini Jumatatu.

Julai 1, 2024, Australia ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku mawe hayo. Nilishangilia kweli. Lakini yaliyokwisha kufungwa yamejaa majikoni, na kila jiko litakapokarabatiwa kuna mtu atakayeyang'oa au kuyakata, na vumbi lililokwisha ingia mapafuni linaendelea kufanya kazi yake hata miaka kumi baada ya mtu kuacha. Kwa hiyo kila mgonjwa ninayempokea namwuliza kazi yake, ya sasa na za zamani, na wanafunzi wanaonifuata wodini nawataka waulize hivyo hivyo.

Nimechagua udaktari wa familia. Nikihitimu mafunzo yake nataka kliniki karibu na Victoria Street, yenye mkalimani wa Kiswahili, Kiashuri na Kivietinamu, na inayofunguliwa saa kumi na moja alfajiri, zamu ya usiku inapotoka.