Aliyeitika siye niliyemwita

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na wengine mmeshaanza kunisimamisha njiani kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha jamani. Ilikuwa mitihani, halafu maandalizi ya TP. Leo rumeti kalala, umeme upo, basi ngoja niwape kisa cha jana Alhamisi. Kina mambo ya kompyuta ndani yake, ila walimu wenzangu msikimbie. Hata mimi si mtu wa kompyuta.

Nianzie nyuma kidogo. Mwaka jana kwenye TP nilifundisha hisabati kidato cha kwanza, mada ya sehemu. Kila mwisho wa kipindi nauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitika, "Ndiyooo!" Nikawa najiona mwalimu hasa. Likaja jaribio. Swali la kujumlisha 1/2 na 1/3, madaftari kwa madaftari nakuta jibu ni 2/5. Wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Yaani mtu ana nusu mkate, kaongezewa kipande, halafu kabaki na mkate mdogo kuliko ule wa mwanzo!

Usiku ule nikakata maduara ya boksi kwa mkasi, nusu, theluthi na sudusi, ili wayashike wenyewe. Kesho yake binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono hata siku moja, akapanga theluthi zangu tatu. Duara halikutimia. Pakabaki mwanya wa kupitisha kidole. Akaniangalia: "Mwalimu, mbona haijai?" Darasa likaangua kicheko. Mimi pia nikacheka, lakini roho iliniuma. Yule binti siku hiyo ndiyo aliyothubutu kuuliza, na zana yangu ndiyo iliyokuwa ya uongo. Hakuuliza tena mpaka naondoka.

Sasa mwaka huu nikaapa, sehemu zangu zitajaa. Karakana ya hapa chuoni kuna mashine ya kukatia kwa leza. Unachora umbo kwenye kompyuta, mwali wa leza unapita juu ya ubao na kuunguza ule mstari tu, upotevu wake ni sehemu ndogo ya milimita. Nikanunua plaiwudi ya milimita 3 kwa hela ya mwisho ya bumu (msiniulize nakula nini wiki hii), nikachora maduara yangu, nikaandikishwa saa mbili tu za kutumia mashine: jana kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Jumatatu naripoti shuleni. Hakukuwa na siku nyingine.

Basi bwana. Saa nane kamili nachomeka waya wa mtandao, upande mmoja kwenye laptopu yangu, upande wa pili kwenye mashine. Nafungua programu. Mashine haionekani. Nazima, nawasha. Haionekani. Flashi? Tundu la flashi la ile mashine lilishavunjika zamani. Nikamwita fundi wa karakana.

"Fundi, shikamoo. Mashine yako inanikataa."

"Marahaba mwalimu. Haijakukataa, labda haijakusikia. Tuanze chini."

Akaangalia taa ndogo pale waya unapoingia. Zinawaka, upande huu na ule. Maana yake waya ni mzima. Akabonyeza kwenye paneli ya mashine, ikatoa anwani yake: 192.168.1.100. Kisha akaniambia niangalie anwani ya tundu la waya kwenye laptopu. Ilianza na 169.254. Akacheka. Akanieleza kwamba mara nyingi kuna kifaa kwenye mtandao kinachogawa anwani, lakini waya uliounganisha mashine mbili tu hauna mgawaji, kwa hiyo kompyuta inajibunia yake. "Ni kama wewe uko Mbezi na mwenzako yuko Tandika, halafu kila mmoja anamtafuta jirani yake mtaani kwake." Tukaiandika kwa mkono: 192.168.1.10. Sasa wako mtaa mmoja.

Nikapiga pingi, ile amri ya kuita anwani ili uone kama inaitika. Ikaitika! Mara nne! Nikapiga kigelegele mpaka vijana wa uhandisi wakageuka. Narudi kwenye programu... mashine haionekani.

Mweh!

Saa tisa kasoro. Nikasema hapa ni fayawoli tu, ule ulinzi wa kompyuta unaozuia programu kuongea na nje. Nikairuhusu programu. Wapi. Nikaifuta programu nikaiweka upya. Wapi. Kila baada ya hatua napiga pingi, na kila mara inaitika vizuri tu. Ndiyo iliyonichanganya zaidi. Kama inaitika, shida iko wapi? Saa tisa na nusu machozi yalikuwa karibu, naona theluthi za boksi zinanirudia.

Fundi alikuwa ameenda kumsaidia mtu mwingine. Aliporudi akaniinamia begani, akatazama skrini kimya. Halafu: "Mwalimu, chomoa waya."

"Nichomoe?"

"Chomoa. Kisha ita tena."

Nikachomoa. Nikapiga pingi. Jamani, ikaitika! Waya nimeushika mkononi, unaning'inia, na 192.168.1.100 inaitika kama kawaida.

Fundi akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nakitazama tangu saa nane bila kukiona. Kila jibu linakuja na muda wake. Yangu yalikuwa milisekunde 84, 140, 97. "Kwa waya wa mita mbili jibu linarudi chini ya milisekunde moja. Huyu anayekujibu yuko mbali, tena yuko hewani." Kumbe waifai ya karakana nayo inagawa anwani zinazoanza na 192.168.1, na ile ya 100 ilikuwa imepewa simu ya mtu fulani mle ndani. Laptopu yangu iliona njia mbili za kwenda mtaa wenye jina moja, ikachagua ya waifai. Saa nzima na zaidi nilikuwa naongea na simu ya mtu! Kwi kwi kwi.

Tukazima waifai, tukachomeka waya. Pingi: chini ya milisekunde moja. Programu: mashine hii hapa. Ili asipate shida mwingine, fundi akaihamishia mashine mtaa wake peke yake, 192.168.50.100, na upande wa waya wa laptopu tukaandika 192.168.50.10. Akaizima na kuiwasha. Sasa waifai inaweza kubaki wazi na hawagongani.

Nilibakiwa na dakika ishirini na tano. Nilisimama palepale kuitazama ikikata, maana mashine ya leza haiachwi peke yake, mbao hushika moto. Seti nane nilizopanga sikuzimaliza, nimepata tano. Lakini nimepanga theluthi tatu juu ya meza ya karakana, na zimejaa. Nimepitisha kucha kwenye maungio, haiingii.

Usiku sikulala mapema. Si kwa furaha ya mbao. Nilikuwa nalifikiria lile "Ndiyooo" la mwaka jana. Nilikuwa naita darasa, wanaitika watoto kumi wa mbele, na mimi nasahihisha andalio la somo nikijua wote wamefika. Yule binti wa nyuma alikuwa upande wa pili wa waya muda wote, mzima kabisa, taa zinawaka, na hakuna neno langu hata moja lililomfikia. Sikuwahi kuchomoa waya nione nani hasa ananijibu.

Kwa hiyo Jumatatu sitauliza "Mmeelewa?" Nitampa kila mmoja vipande mkononi, nitapita dawati hadi dawati, na nitaanzia nyuma.

Seti tano kwa darasa zima hazitoshi, najua. Kama kuna mdau mwenye nafasi ya mashine wiki ijayo ambaye hataitumia yote, anistue. Plaiwudi ipo. Msosi ndio haupo.

Tupo pamoja.