Abunuwasi Alivyorudi Kawangware

Mpenzi msomaji, bila shaka unamjua Abunuwasi. Kama humjui, muulize nyanyako. Ndiye yule aliyeazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo, akadai kwamba sufuria imezaa. Alipoiazima mara ya pili hakuirudisha, alisema imekufa. Sasa jirani aliyekubali uzazi angekataaje kifo?

Mimi nilimjua kabla sijaanza shule. Mama alikuwa na kitabu cha Hekaya za Abunuwasi kisicho na jalada, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Jioni alirudi kwa miguu kutoka kazini Lavington, na tukisha kula alinisomea, kidole chake kikitembea polepole chini ya maneno.

Hekaya niliyoipenda kuliko zote ni ya mwenye nyumba. Abunuwasi hajalipa kodi, basi mwenye nyumba anatia kufuli kubwa mlangoni. Abunuwasi halii wala haombi. Analala pale pale kizingitini siku saba. Siku ya nane anamdai mwenye nyumba mshahara wa bawabu! "Kufuli lako nimelilinda usiku na mchana, hakuna aliyeligusa. Mshahara wangu ni sawasawa na kodi ya mwezi mmoja." Wanapelekana kwa Sultani Harun Rashidi, na mlango unafunguliwa. Mimi nilikuwa nikicheka mpaka mbavu zauma.

Baadaye tulihamahama, kitabu kikapotea.

Basi likizo ya Aprili nilikuwa nikipita 46, pale stejini ambapo matatu za nambari hiyo kutoka mjini hugeuzia (ndiyo asili ya jina, wageni). Kando ya mama wa viatu vya mitumba kuna jamaa anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia. Lo! Abunuwasi huyo, kati ya kitabu cha hesabu na Biblia ya Kikuyu! Jamaa alitaka shilingi 80. Tulivutana weee, akakubali 50.

Usiku huo sikulala. Sufuria imo. Maskini aliyeshtakiwa kwa kula ugali wake huku akinusa harufu ya nyama ya tajiri yumo, naye tajiri analipwa kwa mlio wa pesa tu. Lakini mwenye nyumba na kufuli lake, hawamo. Nilidhani kurasa zimenyofolewa. Nikahesabu nambari zake moja moja, zote zilikuwapo.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Kiswahili, naye akanifungua macho. Abu Nuwas alikuwa mtu wa kweli, mshairi wa Baghdad aliyefariki yapata mwaka 814. Khalifa Harun al-Rashid naye alitawala kweli, tangu 786 hadi 809. Sifa kubwa ya mshairi huyo ilikuwa mashairi ya mvinyo (walimu mnisamehe, sikuyatunga mimi). Visa vya ujanja alivishwa baadaye na wasimulizi, na huku kwetu kitabu kilichapishwa na Macmillan miaka ya 1930. Hata hicho cha sufuria, Waturuki hukisimulia kwa jina la Nasreddin Hoja. Lakini cha kufuli mwalimu hakuwahi kukisikia popote.

Nilimkuta Mama akichambua sukuma. Nilipomuuliza alicheka kwanza, kisha akanyamaza.

"Wewe ulikuwa mdogo. Tulifungiwa nyumba, tukalala kwa jirani siku saba. Kila usiku unalia unataka kusomewa, na kitabu kiko ndani ya kufuli. Ningefanyaje?"

Na kweli, nikifikiri vizuri, katika hekaya ile sikikumbuki kidole.

"Na mlango ulifunguliwaje, Mama?"

"Niliuza redio," akasema, akaendelea na sukuma yake.

Redio hiyo naikumbuka. Ilikuwa nyekundu, na siku zote nilidhani iliharibika.

Hekaya ya kufuli nimeiandika kwa kalamu katika karatasi tupu iliyo mwishoni mwa kitabu, chini nikatia jina la Mama. Naye ameisoma, akasema nimeifupisha mno. Mwanachama anayetaka kuisoma anione siku ya mkutano, nitamwazima. Ila asije akaniambia kwamba kitabu kimekufa.