Tunapoingoja Januari 16

Majilio ya mwaka huu wa 2008 yametukuta tukingoja mambo mawili. La kwanza ni lile linalongojwa na Kanisa lote, kuja kwake Bwana wetu. La pili tunalitaja kwa aibu kidogo, maana sisi ni wachungaji na baadhi yetu tumeanza kuota mvi. Tunangoja tarehe 16 Januari 2009, siku ambayo tamthilia ya televisheni iitwayo Battlestar Galactica itarudi kwa sehemu zake za mwisho.

Tuko wachungaji wanne kutoka Afrika Mashariki na Kongo, tunasoma katika chuo cha theolojia huko Minnesota, Marekani. Wake na watoto tumewaacha nyumbani. Ijumaa jioni hukutana sebuleni mwa bweni, tukasonga ugali, tukatazama. Tulianza kwa nia ya kuzoeza masikio Kiingereza cha Wamarekani. Tukanaswa.

Kwa asiyeijua, hadithi yenyewe ni hii. Cylon, maroboti walioundwa na wanadamu wenyewe, wameziangamiza sayari 12 kwa mabomu ya nyuklia. Watu wapatao 50,000 tu wanaokoka katika vyombo vya angani, wakilindwa na manowari moja kuukuu. Siku ya kuwaaga wafu, kamanda Adama anaona kwamba watu wake wamekwisha kata tamaa. Anawaambia anajua ilipo Dunia, makao ya ndugu zao waliopotea, ambayo maandiko yao yanaitaja. Wanashangilia. Baadaye Laura Roslin, aliyekuwa waziri wa elimu na sasa ni rais, anamwuliza faraghani. Adama anakiri kwamba hajui lolote. Alisema vile ili wapate sababu ya kuishi.

Tuliitazama sehemu hiyo mwezi Januari mwaka huu, kwa diski za kuazima, na tulimsifu Adama. Mmoja wetu alisema, "Huyu ni mchungaji hasa." Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusimama kando ya kaburi akasema zaidi ya alichotumwa kusema?

Mwezi huohuo, tarehe 23, serikali ya Kongo na vikundi vyenye silaha vilitia sahihi mapatano ya amani mjini Goma. Mwenzetu mmoja anatoka Kivu ya Kaskazini, upande wa Rutshuru. Sisi watatu tulimshika mikono, tukamshukuru Mungu, tukamwambia, "Ndugu, vita vimekwisha. Ukimaliza masomo utarudi kwenu kwa amani." Hatukusema tunatumaini, wala hatukusema tutazidi kuomba. Tulisema kama watu wenye habari.

Juni 13 tulitazama sehemu ya mwisho kabla ya mapumziko. Dunia imepatikana. Watu wanalia kwa furaha, wanakumbatiana. Kisha viongozi wanashuka, Adama anaokota konzi ya udongo, na kipimo cha mionzi kinalia. Mji ni magofu. Dunia yenyewe ilikwisha kuungua zamani. Picha ikaishia hapo, na sisi tukaenda kulala bila mazungumzo.

Tangu siku hiyo mashabiki wamekuwa wakibishana kuhusu Cylon mmoja ambaye bado hajajulikana. Nasi tulibishana, hata wakati wa chakula cha mchana. Ikafika mwisho wa Oktoba. Waasi waliteka Rutshuru, na maelfu ya watu wakakimbilia Kibati, kaskazini ya Goma. Mama yake mwenzetu alikuwa miongoni mwao, lakini kwa siku kadhaa hatukujua hilo. Simu iliita bila kupokelewa.

Usiku wa tatu alitutazama, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Bandugu, Januari mulinambia vita imeisha. Mulisoma wapi?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Tulirudi chumbani tukafungua Yeremia sura ya 28. Hanania naye alisimama hekaluni akaahidi kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vyote vitarudishwa kutoka Babeli. Watu lazima walimpenda. Yeremia mwenyewe alijibu kwamba angetamani iwe hivyo. Lakini Hanania hakuwa ametumwa. Sura inayofuata, Yeremia anawaandikia wale waliohamishwa kwamba itakuwa miaka 70, basi wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji walimo. Ni barua ngumu, nayo ndiyo iliyokuwa ya Mungu. Luther alifundisha huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba mwanatheolojia wa msalaba huita jambo kwa jina lake halisi. Tumefanya mitihani juu ya fundisho hilo na kupata alama nzuri. Mbele ya ndugu yetu tulishindwa.

Asubuhi tulikwenda kumwomba radhi. Tulimwambia kwamba hatukuwa na haki ya kumwahidi tulichomwahidi. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba jambo moja tu: tukae naye anapopiga simu usiku. Basi tukakaa, kwa zamu, kadi za simu mezani, mpaka siku ya tisa sauti ya mama ilipopatikana. Alikuwa hai, chini ya turubai. Nyumba haipo.

Hatukumwambia kwamba yote yatakuwa sawa. Tulisali Baba Yetu pamoja naye, tukachanga tulichokuwa nacho, tukamtumia mama. Bwana wetu hakuwaficha wanafunzi wake habari za msalaba, na alipofufuka aliwaonyesha majeraha yake. Ahadi yake haikuogopa kutazama majivu. Yetu iliogopa, kwa kuwa tulitaka kumwona ndugu yetu akitabasamu jioni ile.

Kwa hiyo tunangoja Januari 16 kwa namna nyingine sasa. Habari za Cylon wa mwisho hazituhangaishi tena. Tunataka kumwona Adama akirudi kwa watu wake wasiofika hata 40,000, udongo ule ukiwa bado mkononi, na kusikia atawaambia nini. Kuna mshumaa mmoja wa Majilio bado haujawashwa, na mama yule angali Kibati.

Tulidhani mwenzetu hatapenda kutazama tena. Tulimwuliza juzi tukiosha vyombo. Alisema atakuja, na unga ataleta yeye. "Ile siku walifika, niliiona," alisema. "Sasa nataka kuona asubuhi yake watafanya nini."