Kompyuta ya nyumbani isipoitika

Kompyuta iliyoachwa nyumbani ikigoma kuitika ukiwa mbali, wengi hukimbilia kubadilisha nywila. Mara nyingi tatizo haliko huko.

Mama mmoja wa Songea alikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka kwake, alikokuwa amempeleka bintiye kwa rufaa. Daktari alitaka kujua jina la dawa ya kifafa anayotumia mtoto na dozi yake. Kumbukumbu zote zilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani, na mama alizoea kuingia humo kwa simu. Siku hiyo simu ikamjibu kwamba kompyuta haipatikani.

Alijaribu mara nne, kisha akampigia mwanawe wa miaka 12, aliyebaki na bibi yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie, taa ya ruta inawaka?”

“Mama, hata ya sebuleni haiwaki. LUKU imeisha.”

Akanunua umeme kwa simu, akamtumia namba. Ruta ikawaka, kompyuta ikabaki kimya. Kompyuta nyingi za mezani hazijiwashi zenyewe umeme ukirudi. Lazima mtu abonyeze kitufe. Mtoto akabonyeza, mama akaingia.

Kwa hiyo anza na aliye nyumbani, tena kwa upole: umeme upo? Kompyuta imewaka, au imelala? Bando halijaisha? Yote yakiwa sawa, ndipo ugeukie mipangilio. Windows ya toleo la Home haimpokei anayeingia kwa Remote Desktop. Ruta inayotumia laini ya simu nayo mara nyingi haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Programu kama Chrome Remote Desktop hukwepa vikwazo hivyo vyote viwili.

Usizime ulinzi wa kompyuta ili tu ufanikiwe kuingia, wala mtoto asimsomee namba za siri mtu anayepiga simu akijiita fundi. Mlango anaopitia mama, mwizi naye anaweza kuupitia.

Lakini dawa ya kifafa haisubiri LUKU. Kuikatiza ghafla, au kukosea dozi, kunaweza kumrudishia mtoto kifafa. Andika jina la dawa na dozi kwenye karatasi, uiweke mkobani pamoja na kadi ya kliniki. Ya kwenye kompyuta iwe akiba.